Upau wa NGC 1300: unailisha galaksi au unaiua taratibu?

Kuna galaksi moja inaitwa NGC 1300, hata kama jina hulijui nadhani picha yake umeshakutana nayo mahali, ni ile yenye mstari mnene wa nyota umekatiza katikati, halafu kila ncha ya mstari inatoka mkono mmoja mrefu unaojikunja kuizunguka galaksi nzima. Picha maarufu ni ya darubini ya Hubble, ilipigwa Septemba 2004 ikatolewa Januari 2005, na tangu hapo kila anayetaka kuonyesha galaksi za aina hii anaiweka hiyo hiyo. Huo mstari wa katikati ndio nitauita upau humu. Sasa watu wa fani wanavutana mpaka leo juu ya jambo moja, kulitaja ni rahisi kulijibu ndo shughuli: huo upau unaisaidia galaksi au unaimaliza? Wapo wanaosema bila upau gesi isingefika katikati, kwa hiyo upau ndo unalisha. Na wapo wanaosema hapana, upau ukishakomaa galaksi imeanza kuzeeka, nyota mpya zinapungua mpaka zinaisha. Na wote wanaweza kuitumia NGC 1300 kama ushahidi, ndo maana nimeichagua.

Kwanza tuijue. Iko umbali wa kama miaka ya nuru milioni 61, kwenye kundinyota la Nahari, lile linaloanzia mguuni kwa Jabari likateremka kusini mpaka Akhirinahari. Yaani nuru tunayoiona leo iliondoka kule wakati dinosaria hawajamaliza muda mrefu tangu watoweke. Upana wake ni kama miaka ya nuru 110,000, kwa hiyo haipishani sana na galaksi yetu ya Njia Nyeupe. Aliyeiona kwanza ni John Herschel mwaka 1835, na aliiona akiwa Afrika, alihamia Cape Town na darubini yake kwa miaka kadhaa ili aiandike anga ya kusini ambayo Ulaya haionekani vizuri. Mikono hakuijua wala upau hakuujua, kwa darubini za wakati ule hivi vitu vilikuwa mawingu ya ukungu tu, na mtu wa kwanza kuona mikono kwenye galaksi yoyote alikuwa Lord Rosse wa Ireland mwaka 1845. Mpaka 1918 ndo Heber Curtis wa kituo cha kutazama nyota cha Lick kule California akazitenga hizi zenye upau kama kundi lake, akaziita za umbo la fai, ile herufi ya Kigiriki ya duara lililochomwa na mstari. Edwin Hubble alipopanga aina za galaksi mwaka 1926 akazigawa matawi mawili, zenye upau na zisizo nao, mpangilio ambao bado tunautumia.

Na sisi wa Afrika Mashariki tuna bahati nayo, jioni za Desemba na Januari inapita juu kabisa karibu na utosi. Ila usitoke nje na macho matupu ukategemea kitu, mng'ao wake ni wa daraja la 10 na ushee, bila darubini ya maana na giza la kweli huoni hata doa.

Turudi kwenye upau wenyewe, maana hapa watu wengi wanaelewa vibaya. Upau sio kitu kigumu kinachozunguka, ni nyota mabilioni zinazozunguka kila moja kwa njia yake, isipokuwa njia zao zimerefuka na zimelala upande mmoja, ukiziangalia kwa pamoja zinajenga huo mstari, na mstari unazunguka taratibu kwa mwendo wake wenyewe. Nyota zinaingia na kutoka, umbo linabaki. Wala sio kilema wala ajabu: utafiti uliotoka 2008 wa galaksi zaidi ya 2,000 zenye mikono ulikuta kwamba leo kama theluthi mbili zina upau, wakati miaka bilioni 7 iliyopita ilikuwa moja kati ya tano hivi. Na sisi pia tumo, Njia Nyeupe ina upau, ushahidi mzuri ulianza kutoka 1991 na mwaka 2005 darubini ya Spitzer ikaupima ikapata urefu wa miaka ya nuru kama 27,000. Kwa hiyo tukijadili upau wa NGC 1300 tunajadili na wa kwetu humo humo.

Haya, upande wa wanaosema upau unalisha. Hoja yao ni ya fizikia na mimi naiona ina nguvu sana. Gesi kwenye galaksi haiporomoki katikati hivi hivi kwa sababu inazunguka, na kitu kinachozunguka kikiachwa kitaendelea kuzunguka, mvutano wa katikati unakigeuza tu njia haukishushi. Ili gesi ishuke lazima kitu kiinyang'anye ule mwendo wa kuzunguka. Upau unafanya kazi hiyo. Mvutano wake hauko sawa pande zote, kwa hiyo gesi ikiingia kwenye eneo lake inasukumwa, inabanana, inagongana na gesi nyingine, inapoteza mwendo, inaanza kuteleza kuelekea ndani. Kwenye picha ya NGC 1300 hilo linaonekana kwa macho: kuna mistari miwili myembamba myeusi ya vumbi imenyooka kufuata upau, mmoja kila upande, na ikifika karibu na kitovu inajipinda kuingia ndani. Hapo ndo gesi inapogongana. Na inapoishia kuna kitu kizuri mno, kadiski kadogo chenye upana wa miaka ya nuru 3,300 hivi, nacho kina mikono yake iliyojikunja, yaani galaksi ndani ya galaksi. Vidiski vya namna hii vyenye mikono iliyopangika vizuri hivyo vinaelekea kuonekana kwenye galaksi zenye upau mkubwa tu. Kwa hiyo kusema upau hauhusiki na kinachotokea katikati ni kubishana na picha.

Mfano mwingine wao ni jirani, NGC 1365, iko kundinyota la Tanuri, miaka ya nuru milioni 56 hivi, James Dunlop aliiona akiwa Australia mwaka 1826. Hii ni kubwa, upana kama miaka ya nuru 200,000, upau wake ni mrefu na mistari ya vumbi ni mizito zaidi. Katikati kuna moto kweli kweli: pete ya gesi imejaa vishada vya nyota changa, makumi ya vishada, vingine vina uzito wa Jua mara milioni moja na zaidi, na darubini ya James Webb imevitoa vingi vilivyokuwa vimejificha nyuma ya vumbi. Na ndani ya hiyo pete kuna shimo jeusi, yaani kitu chenye mvutano mkali mpaka nuru haitoki, lenye uzito wa Jua mara milioni 2 hivi ambalo linakula, maana yake linameza gesi. Mwaka 2013 walilipima kwa eksirei, wakitumia darubini za angani za NuSTAR na XMM-Newton, wakakuta linajizungusha kwa angalau asilimia 84 ya kiwango cha juu kinachoruhusiwa na nadharia ya Einstein. Hiyo namba sio ya kupuuza kwenye huu mjadala, kwa sababu shimo jeusi likilishwa ovyo, mara gesi ije upande huu mara upande ule, mizunguko inafutana, haliwezi kushika kasi namna hiyo. Kasi kubwa inaashiria ama lililishwa kwa utaratibu gesi ikija upande mmoja muda mrefu, ama liliwahi kuungana na shimo lingine. Watu wa upau wanachukua lile la kwanza, na siwalaumu.

Sasa hapo hapo ndo wanapokwama. Rudi NGC 1300. Upau upo, mistari ya vumbi ipo, kadiski ka katikati kapo, kila kitu kilichotakiwa kwenye nadharia kipo. Shimo jeusi je? Lipo, Hubble iliipima gesi inavyozunguka pale katikati na hesabu iliyotoka 2005 ikasema uzito wa Jua mara milioni 66 hivi, kipimo chenye nafasi kubwa ya kupanda na kushuka lakini hata ukishusha bado ni kubwa kuliko la NGC 1365 mara nyingi. Na limetulia tu. Hakuna kiini kinachowaka, hakuna fujo. Shimo dogo linakula, shimo kubwa limekaa njaa, na wote wana upau wa nguvu. Ongeza na la kwetu, Sagittarius A*, uzito wa Jua mara milioni 4, lile ambalo picha yake ilitolewa Mei 2022, nalo limekaa kimya ndani ya galaksi yenye upau.

Mimi nalielewa hivi: upau ni lori linaloleta mzigo mpaka mdomoni mwa Kariakoo, pale linasimama, kutoka hapo kuingia vichochoroni mpaka dukani unahitaji mkokoteni na lori halina habari na hilo. Gesi inafika kwenye pete, miaka ya nuru elfu moja au mia kadhaa kutoka kitovu, halafu inakaa pale inazunguka, kwa sababu huko ndani umbo la upau halina tena nguvu ya kuinyang'anya mwendo. Hili lilionekana mapema tu, mwaka 1989 Shlosman na wenzake wakapendekeza kwamba ndani ya upau mkubwa gesi inaweza kujenga upau mdogo, na huo mdogo ndo ukaendeleza safari. Wazo zuri, na pau ndogo ndani ya kubwa zipo kweli kwenye baadhi ya galaksi, ila ukishakubali hilo umeshakubali pia kwamba upau mkubwa peke yake hautoshi.

Takwimu nazo hazijampa mtu ushindi wa kutamba. Galaxy Zoo, ule mradi ambao watu wa kawaida wanakaa mtandaoni wanatazama picha za galaksi na kusema hii ina upau hii haina, walitoa kazi 2015: galaksi zenye kiini kinachokula, yaani shimo jeusi la katikati linalomeza gesi, zilikuwa na upau zaidi kidogo kuliko zisizokula, tofauti ikawa ndogo walipolinganisha galaksi za uzito na rangi sawa, na hawakuona kwamba wenye upau wanakula kwa nguvu zaidi. Mwaka huo huo kazi nyingine ya galaksi za mbali zaidi haikuona uhusiano kabisa. Mtu wa haraka haraka atasema basi imekwisha, upau hauhusiki. Mimi nasema ngoja kwanza. Shimo jeusi halili mfululizo, linakula linaacha, na makadirio ya muda wa mlo mmoja ni kama miaka laki moja, wakati upau unaweza kukaa mabilioni ya miaka. Sasa wewe unapiga picha moja ya galaksi unategemea ukute shimo liko mezani saa hiyo hiyo? Upau unaweza kuwa ndo msambazaji mkuu na bado usiuone uhusiano kwenye picha ya siku moja. Hoja hii ina kasoro yake pia, nakiri, kwa sababu ukiitumia vibaya inamlinda yeyote asiwahi kukosolewa. Kitu ambacho haiwezi kueleza ni kwa nini wasio na upau nao wanakula, na wapo wengi tu.

Halafu NGC 1365 haiishi peke yake, iko ndani ya lundo la galaksi za Tanuri, majirani wanavutana humo, kwa hiyo gesi yake ilivyovurugika huwezi kuuandikia upau sifa zote.

Upande wa pili sasa, wanaosema upau unaua. Hawa ushahidi wao mzuri kabisa uko kwenye NGC 1300 yenyewe. Angalia tena picha: mikononi kuna vidoa vyekundu na buluu, nyota zinazaliwa, katikati kwenye kadiski pia, lakini kwenye upau wenyewe hakuna kitu, manjano tu ya nyota za zamani. Mwanzoni ungedhani hakuna gesi. Ipo! Fumiya Maeda wa Japani na wenzake waliipima gesi ya molekuli kwenye upau huo kwa darubini ya ALMA ya Chile na ya Nobeyama kwao, wakakuta gesi ya kutosha ila haizai nyota kama ile ya mikononi inavyozaa. Sehemu kubwa yake imetawanyika nyembamba badala ya kukusanyika kuwa mawingu mazito, na yale mawingu yaliyopo yanagongana kwa kasi kubwa mno. Mawingu yakigongana kwa mwendo wa wastani yanabanana na nyota zinazaliwa, yakigongana kwa kasi ya upau muda wa kubanana vizuri haupatikani. Kwa hiyo kitu kile kile kinachosukuma gesi kwenda ndani ndo kinachoinyima nafasi ya kuzaa njiani.

Na hata ikishafika ndani sio lazima izae. Njia Nyeupe ni shahidi, pale katikati yetu kuna eneo la gesi nzito ambayo upau umekusanya, na kwa wingi wa gesi ile nyota zilitakiwa kuzaliwa kama mara 10 ya zinazozaliwa sasa. Mzigo umefika, hakuna anayeupika.

Ukitoka kwenye galaksi moja moja ukaenda kwenye maelfu, Karen Masters na wenzake wa Galaxy Zoo mwaka 2011 walizichambua galaksi 13,665, karibu asilimia 29 zilikuwa na upau ulioonekana wazi (namba iko chini ya ile theluthi mbili kwa sababu pau fupi na dhaifu zinapotea kwenye picha za aina ile), lakini kati ya zile nyekundu, ambazo hazizai tena sana, zaidi ya nusu zilikuwa nao, na za buluu ambazo bado changa zilikuwa nao wachache zaidi. Hapa wanaosema upau unaua wanashangilia. Mwaka uliofuata wakatazama gesi, wakakuta galaksi zenye gesi nyingi ndo zenye pau chache.

Lakini kipi kimetangulia? Hili ndo swali ambalo naona wengi wanaliruka. Upau unaota kwa urahisi zaidi kwenye diski iliyotulia, yaani ile sahani bapa ya nyota na gesi ya galaksi, na gesi nyingi inauchelewesha au kuudhoofisha. Kwa hiyo inawezekana galaksi iliishiwa gesi kwanza kwa sababu zake nyingine, na upau ukaota baadaye kwenye diski ambayo tayari ilikuwa inazeeka. Kumkuta mtu eneo la tukio haimaanishi ndo aliyeua. Na hesabu za Masters peke yake haziwezi kutenganisha hayo mawili, zinakuambia vitu viwili vinatembea pamoja basi.

Kilichonisogeza mimi upande mmoja ni umri wa pau. Zamani kidogo ilikuwa rahisi kusema pau ni mambo ya uzeeni, ile kazi ya 2008 ilielekea huko. James Webb imelivuruga hilo, kuna galaksi inaitwa ceers-2112 iliyotangazwa 2023, ina upau na tunaiona ilivyokuwa miaka bilioni 11.7 iliyopita, ulimwengu wote ukiwa na umri wa miaka bilioni 2 tu na kidogo. Zama hizo galaksi zilikuwa zimejaa gesi na vurugu, na bado upau ukaota. Kama pau zinaanza mapema hivyo na kazi yake ni kuua, tungekuwa na makaburi mengi zaidi ya haya tunayoyaona.

Na njia ya kupima umri wa upau ipo sasa, ni ya akili sana: kadiski ka katikati kanajengwa na gesi iliyoletwa na upau, kwa hiyo nyota kongwe kabisa za hako kadiski zinakuambia upau ulianza lini. Walioifanya kwa galaksi NGC 1433, nayo ya anga ya kusini na yenye upau safi kabisa, walitoa matokeo 2023: upau wake una miaka kama bilioni 7.5. Kwa yetu wametumia nyota za zamani za diski ya katikati wakapata kama bilioni 8. Sasa sikiliza, kwenye NGC 1433 nyota za kadiski zinakuwa changa kadiri unavyotoka kitovu kwenda ukingoni, maana yake kamekua kutoka ndani kwenda nje kwa mabilioni ya miaka, upau ukileta na ukingo ukijenga. Mtu aliyekuwa anaua kwa miaka bilioni 7.5 na huku bado anajenga nyumba, mimi siwezi kumwita muuaji.

Kwa hiyo kwenye upau wenyewe, ule mstari, nawapa ushindi wanaosema unazima, NGC 1300 imeonyesha hilo waziwazi na kazi za Maeda zimeeleza kwa nini. Kwenye kadiski na pete ushindi ni wa wanaosema unalisha. Kwenye shimo jeusi sioni aliyeshinda, na anayetuletea NGC 1365 kama ushahidi kwamba upau unalisha mashimo anatakiwa atueleze kwanza kwa nini lile la NGC 1300, zito kuliko hilo kwa mbali, na upau mzuri hivyo juu yake, halijaguswa.